Bwana Kimya wa Mama Nota

Watu wote walimwita Mama Nota, hata mchungaji, hata kijana wa umeme aliyekuja kusoma mita. Alikuwa na chumba kimoja mkabala na kanisa, hatua nne kwa tano, na humo ndani mlikaa mashine ya fotokopi iliyokohoa kabla ya kufanya kazi, kompyuta, printa mbili (moja ya kuchapia, moja ya kung'olea vipuri) na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja ulisimama juu ya rimu ya karatasi. Alichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na risala za wastaafu. Lakini jina hakulipata kwa hayo. Alilipata kwa kuwa ndiye mtu pekee mtaani aliyeweza kuchapa nota za kwaya, zile za herufi, d ya do, r ya re, m ya mi, bila kupoteza pigo hata moja.

Wasioimba hudhani hiyo ni kazi ndogo. Waache wajaribu. Kila pigo linatengwa kwa nukta mbili, kila kipimo kinafungwa kwa mstari wa wima, na sauti nne zinapangwa moja chini ya nyingine, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Herufi moja ikiteleza, besi wanaingia wakati wenzao bado wanavuta pumzi, na lawama zote anabebeshwa mchapaji.

Na kompyuta yenyewe ilikuwa na kiherehere. Pigo la mwisho la kipimo likiwa la kunyamaza, haliandikwi kitu, kwa hiyo nukta mbili zinakutana na ule mstari wa wima. Basi mashine ikiona nukta mbili na mstari, inajidai imekuelewa: inavifuta vyote na kukuwekea kisura cha mviringo, macho mawili na mdomo ulionyooka. Mwaka wa kwanza Mama Nota alipigana navyo, akifuta kimoja baada ya kingine huku akiiita mashine jamaa ya Farao. Mwaka wa pili alisalimu amri. "Haya, kaeni. Mmeshinda."

Vijana wa kwaya walivipenda mno. Walivibatiza Bwana Kimya, na mazoezini mtu akipaza sauti mahali pa kunyamaza, wenzake walimrukia: "Umemkanyaga Bwana Kimya!" Ilikuwa alama ya kwaya yao peke yao.

Kwaya hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya Jumapili ya Nne. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mama Nota na Mwalimu wa kwaya, mzee mwembamba aliyestaafu posta na aliyetembea na uma wa kupatia sauti mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu, walikaa kwenye kile kiti na rimu yake wakakubaliana jambo. Walikuwa wamechoka kuona watoto wenye sauti za kutetemesha madirisha wakimaliza shule na kwenda kukaa barazani. Basi kila Jumapili ya nne ya mwezi, saa kumi jioni, vijana wangeimba tamasha la saa moja kanisani, na mwisho wa mwaka, kwa sadaka iliyopatikana, mmoja wao angepelekwa chuo cha muziki kwa miaka mitatu. Si kila mwaka sadaka ilitosha, lakini saba walikuwa wamekwenda tayari. Mmoja alikuwa anafundisha, mmoja anapiga kinanda kanisa kuu, na mmoja hajawahi kuandika hata salamu, naye walimsamehe kwa shingo upande.

Mama Nota alichapa nota zote za miaka yote hiyo, na kila Jumanne na Alhamisi aliwafundisha sauti ya pili. Yeye mwenyewe alikuwa sauti ya pili tangu utotoni. Sauti ya kwanza alikuwa dada yake.

Hao wawili waliimba benchi moja tangu miguu yao haijagusa sakafu. Dada alichukua wimbo, mdogo mtu akamfuata chini yake, na watu walisema ukiwasikia hujui mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Kisha dada akaugua, akaugua tena, akafa, akaacha binti wa miaka mitatu. Mama Nota hakuwa na mtoto. Alimchukua yule binti pamoja na mfuko mmoja wa nguo, na katika wiki ya pili mtoto aliacha kumwita mama mdogo. "Mdogo" ilidondoka yenyewe, ikabaki "Mama". Hakuna aliyemfundisha.

Sasa, kuna wimbo. Bila wimbo huu nisingekuwa na la kusimulia. Miaka miwili baada ya msiba Mama Nota alianza kuuandika, na aliuandika kwa miaka kumi na minne, leo kipimo kimoja, mwezi ujao viwili, mara nyingine akifuta vyote. Beti mbili za kwanza ziliimbwa na sauti zote nne. Ubeti wa tatu, sauti ya kwanza ilinyamaza, ubeti mzima, na sauti ya pili ikaendelea na njia yake kana kwamba mwenziwe bado yupo. Aliyewahi kuimba sauti ya pili anajua: ukiisikia peke yake ni kama kumsikia mtu akiongea na simu. Unasikia maneno ya huyu, na unasikia kabisa mahali ambapo yule wa upande wa pili anajibu, ila humsikii. Ukurasa ule wa tatu ulijaa visura vya Bwana Kimya juu mpaka chini, na hapo hata yeye aliona mashine imefanya jambo la maana.

Faili aliliita DADA. Alikuwa ameshapanga: siku binti atakapokwenda chuoni, kwaya itamwimbia wimbo ule, na yeye atamshika mkono, atamwonyesha ukurasa wa tatu na kumwambia, "Hapa ndipo mama yako alipo." Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi kuliko nyimbo zote. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, Mwalimu, kwa sababu siku moja alimwomba amtazamie njia ya besi. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, akaulizia ubeti wa tatu, akaambiwa, akatoa leso akajifuta uso mzima.

Binti akafika miaka kumi na tisa. Sauti yake, kwa bahati au kwa damu, ilikuwa ya kwanza. Zamu ilikuwa yake na kila mtu alijua, lakini mwaka huo chuo kilileta sharti jipya: mwombaji awasilishe wimbo aliotunga mwenyewe, mbele ya mgeni kutoka chuoni. Binti akaanza kutunga. Alitunga jikoni, alitunga bafuni, akaja kumwimbia mama yake akiwa amekunja vidole. Mama Nota alisikiliza nyimbo tano, akasema ukweli, maana katika nota hakujua kusema uongo: "Mwanangu, wimbo wako una mianzo mingi mno. Endelea, utafika." Binti aliitikia sawa. Hakuleta wa sita.

Wiki tatu kabla ya tamasha binti alikuja dukani akamkumbatia kwa nyuma. "Mama, safari hii karatasi tutachapia mjini. Wewe pumzika."

"Nipumzike kwani nimekwambia nimechoka?"

"Umechapa miaka kumi na mmoja. Siku moja tu, Mama."

Naye Mwalimu akaja na la kwake. Mazoezi yangehamia ukumbi wa shule, mbali kidogo, na sauti ya pili angewashika yeye mwenyewe. "Tunakuandalia jambo," alisema, akitazama uma wake. "Usiulize."

Mama Nota hakuuliza. Alifurahi, tena alifurahi kama mtoto, akaenda kushona upya pindo la gauni lake la buluu. Mtu akikuonea huruma huanzi kumpekua mifuko. Ile methali ya kinachokula na mahali kinapokaa mnaijua, sina haja ya kuimaliza.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Mgeni kutoka chuoni alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na alikaa mbele na meza yake ndogo. Mama Nota alikaa benchi la tatu. Vijana waliimba nyimbo zao za kawaida, kisha binti akatoka mbele, akawageukia wenzake, akainua mikono.

Vipimo viwili tu, Mama Nota akaujua. Na jambo litakalowaumiza ninyi kama lilivyoniumiza mimi ni hili: alifurahi. Alidhani hilo ndilo jambo aliloandaliwa. Alidhani wameukuta wimbo wake, wamejifunza kwa siri, wamekuja kumtuza mbele za watu. Beti mbili alilia kwa raha, akimfinya mkono jirani yake. Ulipofika wa tatu, sauti ya kwanza ikanyamaza, sauti ya pili ikaenda peke yake katika kanisa lililojaa watu, na yeye akamsikia dada yake waziwazi kuliko siku zote tangu azikwe.

Makofi yalipotulia, mgeni alivaa miwani. "Mtunzi ni nani?"

"Ni mimi," alisema binti.

Mama Nota alidhani hakusikia vizuri.

"Hongera. Umechukua muda gani?"

"Miezi miwili hivi."

Mgeni alifunua karatasi. "Na hivi visura? Sijawahi kuviona kwenye nota."

"Tunamwita Bwana Kimya. Nimembuni mwenyewe, ili wadogo wasisahau kunyamaza."

"Ubunifu mzuri sana huo," alisema mgeni, na akaandika.

Katika safu ya besi kijana mmoja alikohoa. Wengine walitazama viatu vyao. Wote walijua Bwana Kimya alitoka kwenye mashine ya nani, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Hao ndio aliowafundisha kuanzia do.

"Nieleze ubeti wa tatu," mgeni aliendelea. "Sauti ya kwanza wananyamaza ubeti mzima. Kwa nini?"

Binti alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama dari. "Ili... ili waimbaji wavute pumzi."

Watu walicheka. "Ubeti mzima?"

"Wimbo ni mrefu, mama."

"Basi ukija kwetu tutakufundisha kupajaza hapo. Pako wazi mno."

"Sawa. Nitapajaza."

"Nota ulifundishwa na nani?"

"Nimejifunza mwenyewe. Nyumbani nakaa na mama mdogo, yule pale wa buluu. Yeye anatuchapia tu."

Kanisa zima liligeuka. Mama Nota alisimama, kwa kuwa watu walimtazama na hakujua la kufanya na miguu yake, na akapunga mkono. Ndiyo, alipunga. Mpaka leo akikumbuka mkono ule moyo unamwaka kuliko akikumbuka wimbo wenyewe.

Miaka kumi na sita ile "mdogo" ilikuwa haijasikika nyumbani mwao. Binti aliifuata huko ilikokuwa imedondoka, akaiokota mbele ya watu mia tatu.

Baada ya tamasha waliitwa ofisi ya kanisa kujaza fomu. Mgeni alikuwa bado nje akipokea salamu. Walikuwa watatu tu, na meza, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Mama," binti alianza.

"Nani?"

Binti alishika uzi wa kalamu. "Niliukuta kwenye kompyuta nilipokusaidia siku ile. Nilijua huutumii."

"Siutumii."

"Umekaa humo miaka na miaka, hujamwimbia mtu. Na zangu zote ulisema zina mianzo mingi. Ningefanyaje? Nafasi ni moja."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

Huenda ni kweli. Mama Nota alimgeukia Mwalimu. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu aliponiletea." Mzee alikuwa anaugeuzageuza uma wake. "Sikiliza, dada yangu. Mtoto ni wako, wimbo ni wako. Vyote viko nyumba moja. Nani amepoteza?"

"Ulimwambia maana ya ubeti wa tatu?"

"Hilo halikuwa langu kusema."

Mama Nota nusura acheke. Mzee alikuwa ametoa wimbo wake wote, akabakiza kipande kimoja, kwa heshima. Mwizi gani anayekuachia kitasa?

"Maana gani?" binti aliuliza. Mama Nota aliivuta fomu.

Fomu ilikuwa na mistari miwili ya kutia sahihi. Wa kwanza, mlezi anaridhia. Mama Nota alisaini papo hapo, maana hakumlea mtu miaka kumi na sita ili aje kumfungia mlango kwa hasira ya siku moja. Neno lake moja tu kwa yule mama wa miwani, na binti angerudi barazani na wenzake. Hakulitaka hilo. Mstari wa pili, shahidi anathibitisha kuwa wimbo ni wa mwombaji mwenyewe. Hapo aliilaza kalamu.

"Huo siwezi," alisema. "Nimekupa mengine yote. Huo siwezi."

Binti alianza kulia. Mwalimu akasogea, akaichukua kalamu, akaupima uzi wake kama unafika, akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa posta. Mama Nota aliutazama ule mwandiko mpaka nukta ya mwisho. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimwita rafiki.

Wiki nne zilizofuata nyumba ilijaa adabu. Shikamoo asubuhi, marahaba, chakula tayari, asante. Mama Nota hakurudi Jumanne wala Alhamisi, na Mwalimu hakuja kuuliza sababu. Aliposikia kutoka kanisani, ng'ambo ya barabara, kwaya iliyorudi huko ikifanya mazoezi ya ubeti wa tatu, tayari umejazwa, sauti ya kwanza wakiruka juu kwa mbwembwe, aliwasha fotokopi isiyo na kazi ikohoe.

Kisha alasiri moja binti aliingia dukani na barua ya chuo. Alikaa kwenye kile kiti.

"Mama," alisema, na safari hii alisema Mama. "Nimekubaliwa. Ila wanataka ukurasa mmoja wa maelezo ya wimbo. Wanasema jibu langu kuhusu ule ukimya halikuwatosheleza. Wanataka kujua mtunzi alikusudia nini hasa." Alikunja vidole. "Ulikusudia nini?"

Mama Nota alimtazama. Mtoto alikuwa na paji la uso la mama yake, lile lile, lenye mshipa unaoonekana akihangaika. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa imekaa hapo miaka kumi na minne, haikuhitaji kutafutiwa neno wala pumzi. Na binti alikuwa ameuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo, akimaanisha.

Aliweka karatasi kwenye printa.

"Ulisema nini siku ile?"

"Nilisema... ili waimbaji wavute pumzi."

"Ndivyo ilivyo."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Utawaeleza kwa maneno marefu. Soma, nichape."

Binti alishusha mabega. "Na mimi nilidhani kuna kitu," alisema, akacheka kidogo kwa nafuu, akaanza kusoma kutoka kwenye daftari lake, na Mama Nota akachapa: umuhimu wa pumzi, afya ya koo, urefu wa wimbo. Hakukosea pigo. Vidole vilikwenda vyenyewe, na wakati wote huo alijua anachofanya. Alikuwa anamnyima yatima mama yake. Aliona utamu wake, akaona na uchungu wake, na havikutengana.

Binti alichukua ukurasa ungali moto, akasema asante Mama, akatoka. Barabarani magari yalikuwa mengi. Alisimama pale ukingoni kitambo kizuri akisubiri kuvuka, karatasi ameikumbatia kifuani, hatua kumi kutoka mlangoni, mahali ambapo mtu akiitwa hata kwa sauti ya kawaida anasikia.

Mama Nota hakumwita.